MJUE DAKTARI: Walio chini ya mlima Wanale

 

Mwezi uliopita mama mmoja, ambaye kijana wake yuko darasani kwetu, alituletea karatasi ya kupelekwa hospitali Mbale. Mtoto wake wa mwisho ana miezi mitano na kichwa kinakua kupita mwili. Karatasi hiyo ilikaa wiki mbili imefungwa kwenye pindo la kitenge. Akatuuliza, "Mwalimu, huyo atakayefungua kichwa cha mtoto wangu ni nani? Ametoka wapi?" Kwetu hilo lilikuwa swali la haki kabisa. Mtu akija kuposa binti yako unauliza ukoo wake, sembuse huyu mwenye kisu.

Basi tukatafuta.

Mbale ni mji wa mashariki ya Uganda, chini ya Wanale, ule mgongo wa Mlima Elgon ambao maporomoko yake unayaona ukiwa mjini. Hapo ndipo ilipo hospitali ya watoto ya CURE, inayopasua watoto wa kichwa maji na wa mgongo wazi. Mwaka 2000 Dk. Benjamin Warf, Mmarekani aliyesomea udaktari Harvard, alihamia Mbale na mke wake na watoto wao sita. (Wenye watoto sita mnajua kuhama nao kukoje!)

Njia aliyofundishwa kwao ni kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani mpaka tumboni, maji yapite. Lakini mpira unaziba. Wa Boston ukimziba anafika hospitali siku ile ile. Na yule wa kwetu, anayepanda boda boda, kisha lori, kisha basi, na nauli bado hajakopa? Anaweza kufia njiani. Hilo lilimsumbua sana Warf. Akaanza kuingiza kamera ndogo kichwani, akitoboa tundu ndani ili maji yapate njia, na kuchoma ile nyama inayotengeneza maji. Mwaka 2005 alitangaza matokeo: watoto wengi hawakuhitaji mpira tena. Si wote lakini. Wengine bado wanawekewa, na daktari ndiye anayeamua baada ya kupima.

Warf alirudi Marekani mwaka 2006. Kuna watu husema mzungu akiondoka kazi inakufa. Pale haikufa. Dk. John Mugamba, mwananchi wa Uganda, alikuwa amefanya kazi pamoja naye, akaendelea kupasua. Kwa mama yetu hili lilikuwa na uzito kuliko Harvard yote.

Kuna na Dk. Steven Schiff, Mmarekani, mpasuaji mwenye tabia ya kupenda hesabu. Huyu aliuliza: kwa nini wagonjwa ni wengi hivi? Maana zaidi ya nusu ya watoto wa Mbale walipata kichwa maji baada ya homa kali, wengi wakiwa wachanga kabisa. Yeye na wenzake wakalinganisha wagonjwa na mvua, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba idadi inapanda na kushuka pamoja na majira ya mvua. Mwaka 2020 wakatangaza aina ya bakteria waliyoikuta ndani ya maji ya vichwa vya watoto hao. Bakteria, mama zetu, si jicho la jirani.

Kwa hiyo kichanga akichemka mwili au akikataa ziwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona utosi umevimba, kichwa kinakua haraka, macho yanaangalia chini tu, usingoje.

Mama tulimsomea haya yote jioni moja mlangoni kwake. Alinyamaza kidogo, akauliza kama huko Mbale kuna baridi. Anaondoka Jumatatu. Wifi yake atabaki na wakubwa, na majirani wa mstari wao wameanza kuchanga nauli. Bado haijatimia.