NJIA YA MWONGO NI FUPI

Wanafunzi wenzangu, tarehe 1 Mei 1960 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilikuwa ikipiga picha juu ya Muungano wa Kisovieti, zaidi ya mita 20,000 angani. Kombora likaitungua karibu na Sverdlovsk. Wakubwa wa Marekani, wakidhani rubani amekufa, wakatangaza ati ni ndege ya kupima hali ya hewa iliyopotea njia. Kumbe rubani, Francis Gary Powers, yu hai! Tarehe 7 Mei Khrushchev akafichua kila kitu. Marekani ikaumbuka, na mkutano wa wakuu wa mataifa huko Paris ukavunjika mwezi uo huo.

Wengine husema siri ya nchi hulindwa kwa uongo. Nawauliza, uongo huu ulilinda nini? Kwa maoni yangu, uliaibisha kuliko upelelezi wenyewe.

Hata mimi niliwahi kumwambia mwalimu kuwa nimechelewa kwa sababu matatu yetu iliharibika. Kumbe naye alikuwa ameiabiri, kiti cha mbele! Adhabu ya kuchelewa ikawa ya uongo pia. Ukinaswa, sema kweli mapema.