Maafa na fedha: Mhasibu anapokosekana katika chumba cha dharura

Mwishoni mwa mwezi Novemba mwaka 2014, wafanyakazi waliokuwa wakizika maiti za wagonjwa wa Ebola katika mji wa Kenema, mashariki mwa Sierra Leone, waligoma na kuzitelekeza maiti kadhaa hadharani katika hospitali kuu ya mji huo. Walikuwa wakidai posho ya mazingira hatarishi ambayo hawakuwa wamelipwa.

Kituo cha taifa kilichokuwa kikiongoza mapambano dhidi ya Ebola kilikiri kwamba posho ya mwezi Oktoba haikuwa imewafikia wafanyakazi hao. Hata hivyo kilieleza kuwa fedha zilikwishatolewa kwa uongozi wa afya wa wilaya. Waliogoma walitangaziwa kufukuzwa kazi, na swali la wapi fedha zilikwama likabaki mezani.

Kisa cha Kenema kinaonyesha kwamba katika dharura fedha zinaweza kuwapo na kazi bado ikasimama. Daktari, gari na dawa havitoshi iwapo hakuna mtu anayejua nani amefanya kazi, kwa siku ngapi, anastahili kiasi gani na ni nani amekwisha kulipwa. Kazi hiyo ina elimu yake, na elimu hiyo ndiyo inayopewa nafasi ya mwisho nchi nyingi zinapojiandaa kukabili maafa.

Chimbuko lake California

Utaratibu unaotambua umuhimu wa kazi hiyo ulizaliwa katika moto. Katika majira ya vuli ya mwaka 1970, jimbo la California nchini Marekani lilikumbwa na mfululizo wa mioto ya msituni iliyoua watu 16 na kuteketeza majengo yapatayo 700 katika muda wa siku 13. Vikosi vya zimamoto kutoka mamlaka mbalimbali vilifika kwa wingi, lakini kila kimoja kilikuwa na istilahi zake, makamanda wake na hesabu zake.

Kutokana na mkanganyiko huo ulibuniwa mfumo wa pamoja wa kuongoza matukio ya dharura, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Chini ya kamanda wa tukio kuna sehemu nne: operesheni, mipango, ugavi, na fedha na utawala. Mkuu wa sehemu ya fedha hukaa meza moja na anayeongoza waokoaji, tangu pale tukio linapokuwa kubwa kiasi cha kuhitaji sehemu hiyo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo linafuata msingi huo. Katika mwongozo wake wa kukabili dharura za kiafya, fedha na utawala ni miongoni mwa kazi sita za lazima, sambamba na uongozi, uratibu wa wadau, taarifa na mipango, huduma za afya, na ugavi.

Mafunzo yenyewe

Nchini Marekani, anayetaka kushika nafasi hiyo hupitia kwanza kozi za msingi zinazomfundisha namna mfumo mzima unavyofanya kazi, kisha kozi ya wadhifa wenyewe. Baada ya hapo hupewa kijitabu cha majukumu, na hutakiwa kuyatekeleza majukumu hayo mbele ya mtathmini, kazini au katika mazoezi, kabla ya kuidhinishwa. Cheti cha uhasibu pekee hakimfikishi hapo.

Sehemu ya fedha ina vitengo vinne. Cha kwanza hutunza mahudhurio ya watu na saa za mitambo. Cha pili hushughulikia manunuzi na mikataba ya kukodi vifaa. Cha tatu hupokea madai ya walioumia kazini na ya wenye mali iliyoharibiwa. Cha nne hukokotoa gharama kila siku na kumwambia kamanda kiasi kilichotumika na kiasi kinachotarajiwa kutumika.

Kinachofundishwa ni uhasibu wa mahali pasipo na ofisi. Mfunzwa hujifunza kuandika makubaliano ya kukodi tingatinga kabla halijawashwa, kutenganisha anayeagiza mzigo na anayeupokea, na kuweka stakabadhi kwa namna ambayo mkaguzi atakayekuja miaka miwili baadaye ataielewa.

Uangalifu huo una faida ya moja kwa moja. Kwa sheria ya Marekani, rais anapotangaza janga kubwa, serikali kuu hurejesha angalau asilimia 75 ya gharama za majimbo na miji zinazokubalika. Mji usio na daftari la saa za wafanyakazi wake unaweza kunyimwa fedha ambazo kweli ulizitumia.

Haraka na hadhari

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya taratibu hizi ni kwamba roho za watu haziwezi kusubiri fomu. Hoja hiyo ina uzito, na sheria nyingi zinaitambua. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015, kwa mfano, inaruhusu kununua moja kwa moja bila zabuni ya wazi pale panapotokea maafa au hitaji la dharura.

Hatari ni pale ruhusa ya kuharakisha inapogeuzwa kuwa ruhusa ya kutoandika. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria kwamba kati ya dola milioni 600 na bilioni 1.4 za misaada kwa wahanga zililipwa isivyostahili. Miongoni mwa anwani za nyumba zilizodaiwa kuharibiwa, wakaguzi walikuta ya makaburi.

Ikumbukwe kuwa Marekani ilikuwa imeutangaza mfumo wake wa kitaifa wa kusimamia matukio mwaka mmoja tu kabla, 2004. Muundo ulikuwapo katika karatasi, lakini utaratibu wa kuhakiki majina na anwani haukuwa tayari kwa umati wa waombaji uliofurika kwa pamoja.

Sierra Leone nayo ililipia somo hilo. Mkaguzi mkuu wa nchi hiyo alipochunguza fedha za Ebola za kipindi cha Mei hadi Oktoba 2014, alikuta karibu theluthi moja ya fedha hizo haina hati za kutosha za matumizi. Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitangaza kuwa limebaini udanganyifu wa zaidi ya dola milioni tano katika shughuli zake za Ebola nchini Sierra Leone, Liberia na Guinea. Nchini Liberia udanganyifu huo ulihusisha bei zilizoongezwa na orodha za malipo zilizochezewa.

Afrika Mashariki na Kongo

Ukanda wa wasemaji wa Kiswahili hauko mbali na masuala haya. Tetemeko la ardhi lilipoitikisa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, michango ilianza kumiminika. Kabla mwezi huo haujaisha, Rais John Magufuli wa Tanzania aliwaondoa kazini maafisa waliotuhumiwa kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliua zaidi ya watu 2,280, wengi wao katika Kivu Kaskazini na Ituri. Mwezi Machi 2020 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, pamoja na mshauri wake wa fedha, kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo. Waziri huyo alikanusha mashtaka.

Mwaka huo huo nchini Kenya, ukaguzi maalum kuhusu vifaa vya kujikinga na korona vyenye thamani ya shilingi bilioni 7.8, vilivyonunuliwa na mamlaka ya vifaa tiba, uliibua maswali mazito kuhusu bei, mikataba na shehena iliyobaki ghalani.

Ni kweli kwamba mafunzo hayawezi kumfanya mwizi kuwa mwaminifu, wala kumzuia mkubwa mwenye nia ya kupora. Lakini palipo na mhasibu aliyefunzwa na mwenye mamlaka yanayotambulika, agizo la mdomo hulazimika kuandikwa na kutiwa saini, na akaunti ya pili huulizwa siku inapofunguliwa. Aidha, mtumishi mwaminifu hupata kinga: anaponunua kwa haraka kwa sababu halali, sababu hiyo ipo kwenye jalada.

Malipo yaliyozima migomo

Sierra Leone yenyewe ilionyesha kuwa hali inaweza kubadilika. Wafanyakazi waliandikishwa upya, majina yaliyojirudia yakaondolewa, na malipo yakahamishiwa katika simu za mkononi. Utafiti wa muungano wa Better Than Cash, uliochapishwa mwaka 2016, ulieleza kuwa muda wa kulipa ulishuka kutoka zaidi ya mwezi mmoja hadi takriban wiki moja, migomo karibu ikatoweka, na zaidi ya dola milioni 10 zikaokolewa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako M-Pesa imekuwapo tangu mwaka 2007, chombo cha kulipia si kigeni. Kinachohitajika ni orodha safi ya wanaostahili kulipwa na mtu wa kuisimamia, na vyote viwili huandaliwa kabla ya mafuriko au ugonjwa kufika. Mhasibu wa wilaya, ambaye ndiye huitwa wa kwanza mto unapovunja kingo, mara nyingi amefunzwa kufunga hesabu za mwaka. Hajafunzwa kufunga hesabu za siku, jioni kwa jioni, huku mvua ikinyesha.

Gharama ya kumfunza ni ndogo, lakini kuitetea katika bajeti ni vigumu, kwani mafunzo hayo hayazinduliwi kwa utepe kama gari jipya la zimamoto. Serikali na wafadhili wanaotaka kujua iwapo nchi iko tayari kwa maafa yajayo wanaweza kuanza na swali moja: nani ataandika mahudhurio ya siku ya kwanza, na je, amekwisha kuifanyia mazoezi kazi hiyo?