BABU ZETU HAWAKUWA WAJINGA



Kuna maneno tunayasikia mara mingi darasani na hata kwenye bweni, ambayo sisi wakubwa wa wanafunzi tunaona yafaa kujibiwa. Maneno yenyewe ni haya: mbele ya Wazungu kufika, kwetu hapakuwa kitu. Watu walikuwa wanakaa tu, na kuvaa maganda ya miti, wakingoja Livingstone na Stanley wapite. Wengine wanasema vile kwa kuchekesha. Lakini wengine wanasadiki kabisa, na hilo ndilo linatuuma. Mutu akisadiki kama babu yake alikuwa mujinga, hatakawia kusadiki kama yeye mwenyewe ni mujinga pia.

Basi tuulize udongo, juu udongo hauna kabila wala chama.

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambamo muto Lualaba unapita, kuko pahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya zamani pale. Jean Hiernaux alichimba mwaka 1958, na Pierre de Maret akaendelea toka mwaka 1974. Walifungua makaburi zaidi ya mia moja. Yale yenye mali mingi ni ya kati ya mwaka 1000 na 1300 hivi. Tukumbuke kama Mureno Diogo Cão alifika kwenye kinywa cha muto Kongo mwaka 1482 tu. Hivi wale wafu wa Sanga walikuwa wamekwisha kulala udongoni miaka mamia mbele ya Muzungu wa kwanza kuona maji ya Kongo.

Walikuta nini ndani? Nyungu nzuri sana, zimefinyangwa kwa ufundi. Majembe, visu na ndoano za chuma. Bangili, mikufu na minyororo ya shaba, mingine myembamba hata unashangaa mikono gani iliitengeneza. Bangili za pembe ya tembo. Tena simbi, zile kauri za bahari.

Hapa tusipite mbio. Katika bonde la Upemba hakuna shaba. Shaba inatoka mbali kusini, kwenye milima ambako hata leo makampuni yanachimba. Na simbi zinatoka bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo watu wa Kisale hawakukaa tu. Walifanya biashara. Walikuwa na kitu cha kutoa, na kule ziwani yafaa kufikiri samaki wakavu, na walijua kuhesabu faida na hasara.

Neno la pili ni misalaba ya shaba. Musidanganyike, si musalaba wa Yesu. Umbo lile lilikuwako mbele ya mumisionari yeyote. Kwanza misalaba ilikuwa mikubwa na michache, na iliwekwa juu ya kifua cha mufu. Baadaye ilianza kuwa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja, imewekwa karibu na mikono na kiuno. Vitu vidogo vya kipimo kimoja, vinavyohesabika: hiyo ni franka! Babu zetu walikuwa na pesa zao, na hazikuchapishwa Ulaya.

Neno la tatu ni la utawala. Katika kaburi moja la bonde hilo walikuta shoka ya heshima, mupini wake umepambwa kwa misumari, pamoja na fuawe, ndiyo chuma ambacho mufuzi anafulia juu yake. Na wafalme wa Baluba, hata wakati Wazungu walipofika, walikuwa wanashika shoka za namna ile ile, na fuawe ilikuwa na kazi yake siku ya kumusimika mufalme. Kitu kilichoanza miaka 1,000 mbele kilikuwa kingali kinaendelea. Sisi tunasoma wafalme wa Ufaransa kwa moyo, jina kwa jina. Juu ya nini hatusomi huyu?

Hata nchi zingine zilifichwa namna hiyo. Kule Afrika ya Kusini, juu ya kilima cha Mapungubwe, mwaka 1932 walikuta kifaru kidogo cha zahabu, kazi ya watu weusi wa karne ya 13. Serikali ya ubaguzi haikutaka watoto wakisome, juu ilikuwa inafundisha kama nchi ilikuwa tupu.

Sasa tunajua neno ambalo wenzetu wengine watatujibu: vitu vya zamani ni vya shetani, mukristo avichome. Tunawaomba wafungue Kutoka sura ya 31. Mungu mwenyewe alimujaza Bezaleli roho na akili ya kufanya kazi ya zahabu, feza na shaba. Akili ya mikono inatoka kwa Mungu. Kuheshimu kazi ya fundi si kuabudu fundi, na hakuna mutu anatuambia tupigie fuawe magoti.

Lakini tuseme kweli yote. Zamani haikuwa paradiso. Kaburi moja lilijaa shaba, lingine lilikuwa na nyungu chache tu; basi tajiri na masikini walikuwako. Na hapa kwetu Lusinga, sultani wa Watabwa, alikuwa mukubwa mwenye nguvu, lakini aliuzisha watu utumwani. Mwaka 1883 ofisa Mubelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, katika teritori yetu hii ya Moba. Mwezi wa 12 mwaka 1884 watu wake walimuua Lusinga, wakakata kichwa chake. Storms alipeleka kichwa kile Ubelgiji, pamoja na sanamu yake ya muti. Sanamu iko Tervuren. Ubaya wa Lusinga hauhalalishi wizi wa Storms. Mwaka 2022 Ubelgiji iliweka sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kwa nguvu. Vizuri. Lakini tukivipata, tutavitunza wapi, kama sisi wenyewe tunauzisha vile vilivyobaki?

Juu hiyo ndiyo hatari ya leo. Mutu analima muhogo, jembe linagonga chuma cha zamani au nyungu. Wafanya biashara wanapita, wanatoa pesa ya sabuni, kitu kinakwenda na hakitarudi. Kikitoka udongoni bila kuandikwa kilikuwa wapi na karibu na nini, kinakuwa bubu.

Kwa hiyo tunaomba maneno matatu. Moja, mwanafunzi akikuta kitu cha zamani shambani, asikichimbue wala asikiuzishe; amujulishe mwalimu wa historia. Mbili, walimu watupatie saa moja tu juu ya Sanga mbele ya kuanza Stanley. Tatu, likizo ijayo kila mumoja aulize wazee wa kwao nani alikuwa mufuzi wa muji, na aandike majibu kwenye kaye yake. Wazee wanakufa kila mwaka, na kaburi la muzee halitaandika kitabu.

Tunawasalimu katika jina la Bwana.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la 6