NYUMBANI NA SAFARINI: Je, Tununue Kipokezi cha Habari za Barabara?

Juma hili nimeweka kando habari za kuhifadhi mboga nilizowaahidi, kwa kuwa nimepokea barua isiyoweza kungoja. Imeandikwa na askari wetu mmoja aliye karibu kuondoka kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mkewe ana mimba ya miezi saba, nao hukaa Kabuga. Katika uzazi uliopita uchungu ulimshika mama huyo saa kumi na moja jioni, gari lao likakwama kabla ya kufika Giporoso, na mtoto alikaribia kuzaliwa katika kiti cha nyuma. Safari hii baba hatakuwapo. Atakayeshika usukani ni mdogo wake mke. Sasa mtu mmoja anamwuzia chombo cha garini cha kuonyesha njia, kilichotoka Ubelgiji, pamoja na waya wenye kipokezi cha habari za msongamano. Auliza: je, anunue?

Kwa ajili ya haja hiyo, afande, usinunue. Nitaeleza sababu, maana fedha ya askari haiokotwi njiani, na tena nimesikia wengi wakisema kwamba setilaiti huona magari yaliyosongamana ikampasha habari dereva. Setilaiti hizo hazioni gari hata moja. Ziko juu yetu kiasi cha kilometa 20,200, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Chombo chako husikiliza setilaiti zisizopungua nne, kikapima tofauti ya nyakati hizo, kikajua kwamba uko Remera na si Nyamirambo. Mfumo huu ni mali ya jeshi la Marekani, nao hadi mwezi wa Mei 2000 ulikuwa umepunguzwa usahihi kwa makusudi kwa sisi raia. Lakini hauna habari kwamba wewe upo, sembuse lori lililoharibika mbele yako!

Habari za msongamano huja kwa njia nyingine kabisa, nayo ni redio. Katika nchi nyingi za Ulaya vituo vya FM hutangaza muziki wake kama kawaida, na chini ya muziki huo, pasipo sikio la mtu kusikia, hupitisha ujumbe mfupi wa tarakimu. Mfumo huo hufahamika kwa herufi TMC. Ujumbe wenyewe hauna maneno. Tarakimu moja huwa na maana ya ajali, nyingine ya barabara kufungwa, nyingine humtaja mahali, na nyingine muda unaotazamiwa. Kipokezi kikishazinasa, chombo hufungua orodha ya mahali iliyomo tumboni mwake, kikamwambia Mfaransa kwa Kifaransa na Mjerumani kwa Kijerumani. Ni werevu wa kusifiwa, nami sioni haya kusema kwamba niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliirudia mara mbili.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kuwapo: mtu wa kukusanya habari za barabara, kituo cha redio cha kuzitangaza, na orodha ya mahali ya nchi ile. Hapa Rwanda hakuna kituo kinachotangaza habari za namna hiyo. Kipokezi kilichozaliwa kwa ajili ya Brussels kitazunguka katika masafa ya FM ya Kigali tangu asubuhi hadi jioni, kikitafuta mwenzake asiyekuwapo.

Jamaa zetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaufahamu mkasa huu kwa sura nyingine. Wao huendesha kushoto, na magari yao mengi hutoka Japani yakiwa na kioo kinachozungumza Kijapani na kudai ramani. Wajapani nao wana mfumo wao wa habari za barabara, uitwao VICS, ulioanza mwaka 1996. Gari likivuka bahari huacha faida hiyo bandarini. Sisi tunaoendesha kulia huletewa ya Ulaya na Dubai, basi tofauti ni lugha tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuachiwa chombo kama hicho na shemeji yangu. Jumapili moja ya siku bila magari, kilinielekeza kwa sauti ya adabu kabisa nipite barabara iliyojaa watu wakikimbia na watoto juu ya baiskeli. Askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono, nami nikageuza. Chombo kiliendelea kunisihi nirudi. (Wako pia wanaodhani kwamba kipokezi kitawaonya juu ya kamera ya Sofia. Kwao dawa ni kupunguza mwendo.)

Simu ya mkononi ina njia bora zaidi. Ramani zake hupata mwendo wa barabara kutoka katika simu za watu wengine wanaopita hapo, kupitia intaneti. Simu nyingi zikienda polepole, mstari hugeuka mwekundu. Hata hivyo barabara iliyofungwa haina simu inayopita, na ramani yaweza kuchelewa kujua. Mwezi wa Septemba 2025, yalipofanyika hapa mashindano ya dunia ya baiskeli tangu tarehe 21 hadi 28, shule za mji zilifungwa nasi watumishi wa serikali tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Siku zile aliyesikiliza matangazo ya polisi alifika mapema kuliko aliyetazama kioo.

Sasa nirudi Kabuga. Shemeji huyo atakayeendesha gari aipite njia ya hospitali mara mbili kabla ya mwezi wa tisa: mara moja mchana, na mara moja siku ya kazi saa kumi na moja jioni, saa ambayo ofisi za serikali hufungwa tangu yalipofanywa mabadiliko ya Januari 2023. Aandike dakika alizotumia kutoka nyumbani hadi Mulindi, na kutoka Mulindi hadi Giporoso, karatasi ibandikwe mlangoni. Simu yenye ramani ishikwe na abiria, si dereva. Uchungu ukianza ghafla wakati wa msongamano, wapige 912 waombe gari la wagonjwa kabla ya kutoka nyumbani, wala wasingoje mpaka wakwame. Na ikiwa yuko jamaa anayekaa karibu na hospitali, mama ahamie kwake majuma mawili ya mwisho. Hilo ningelitanguliza mbele ya vyombo vyote.

Iwapo afande umekwisha kutoa malipo, usihuzunike mno. Weka ramani ya Rwanda, uchomoe kadi ya Ubelgiji, nacho kitakufaa ukienda Rusizi au Nyagatare. Waya wenye kipokezi nao usiutupe: mara nyingi ndio huo huo unaokitia chombo umeme kutoka katika kiwashio cha sigara.