Mtoto Aliyekuwa wa 17

Mpendwa mama, ulisema nini siku mwanao alipoleta ripoti ya shule? Mimi nilisema, "Wa 17! Huoni hata aibu?" Kisha nikamsifu dada yake mbele yake. Alikula ugali wake kimya, akaenda kulala mapema.

Usiku ule baba yao alinikumbusha habari za Alphonce Simbu, kijana wetu wa Ikungi. Nami nakuletea, huenda zikakufaa.

Simbu, aliyezaliwa mwaka 1992, ni askari na mkimbiaji wa marathoni, mbio za kilometa 42. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa 5. Mwaka 2017, kwenye mashindano ya dunia mjini London, alipata medali ya shaba kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Je, baada ya hapo alipanda tu? La. Katika Olimpiki iliyofanyika Japani mwaka 2021 alikuwa wa 7. Mwaka 2022 alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Paris, mwaka 2024, akawa wa 17.

Naam, wa 17! Hakuacha mazoezi.

Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo, alimfikia Mjerumani Amanal Petros penye mstari wa mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ndipo Simbu atangazwe mshindi. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Sasa linganisha na muda wake wa London. Miaka 8 ya jasho, na tofauti ni sekunde 3 tu!

Mama mwenzangu, sisemi tusijali masomo. Kaa na mtoto, fungua daftari, uliza ni somo gani linamsumbua. Lakini usimpime kwa dada yake. Mpime kwa jana yake mwenyewe.

Asubuhi nilimwomba mwanangu radhi. Kumwomba mtoto radhi hakumshushi mama. Akanijibu taratibu, "Mama, muhula uliopita nilikuwa wa 31."

Nilikuwa nimesahau.