Farasi Anapogoma Mbele ya Kiunzi

Hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, hatufunzwi kuruka viunzi kwa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwambao huu ulisumbuliwa mno na mbung'o na malale, na mbung'o hamwachi farasi. Hata hivyo, mkufunzi wa makuruta analo la kujifunza kwa wapanda farasi.

Zamani mpandaji alijiegemeza nyuma wakati wa kuruka, akivuta hatamu. Lijamu likamuumiza mnyama kinywani kila alipotua. Farasi mkali hasahau maumivu: safari ya pili hugoma. Ndipo alipopigwa mjeledi, kana kwamba kosa ni lake! Kapteni Federico Caprilli wa jeshi la Italia (1868–1907) aliyapindua mafunzo hayo. Alimtaka mpandaji aegemee mbele na kumlegezea farasi hatamu.

Twasema bila kuficha: kuruta anayesita ukingoni mwa mtumbwi, asithubutu kuruka ziwani, mara nyingi si mwoga wala si mkaidi. Siku ya kwanza alisukumwa penye kina. Mkufunzi na amrudishe kwenye maji ya kiunoni, hata kwa juma zima, na fimbo ibaki nchi kavu.