Mwanzi wa Njombe, Zahanati ya Mbagala

Kinondoni upande wa baharini, mianzi hupamba baa na hoteli za wenye nazo. Vuka mji hadi Mbagala au Chamazi, umwambie mjumbe wa kamati ya shule kwamba jengo lijalo liwe la mianzi: atadhani unamdharau. Hilo litapita, maana watu hukiamini walichokiona kimesimama. Kikwazo chenyewe ni karatasi.

Mwaka 2021 serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima kupitia mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3. Kasi ile ilitokana na ramani zinazofanana na vifaa ambavyo kila fundi anavijua: tofali, nondo, bati, kenchi za mbao zenye dawa. Mhandisi wa halmashauri atawezaje kusaini mwanzi, huku akijua mkaguzi atauliza kiwango chake? Na kiwango kipo. ISO 22156, iliyopitiwa upya 2021, inahusu majengo ya mianzi yasiyozidi mita 7 kwenda juu. Tanzania yenyewe ni miongoni mwa nchi 9 zilizoasisi INBAR, shirika la kimataifa la mianzi, mwaka 1997. Colombia imeshaingiza mwanzi katika kanuni zake za ujenzi. Sisi bado hatujautoa kwenye makabrasha ukafika kwenye ramani ya TAMISEMI.

Halafu mali yenyewe itoke wapi? Iringa na Njombe mwanzi ni ulanzi kwanza. Chipukizi likishakatwa ncha ligemwe, halikui tena likawa nguzo, na mgemaji hawezi kuacha pombe inayomlipa kila masika eti kwa sababu Dar es Salaam imeanza kupenda mazingira. Alipwe bei inayoishinda ile ya ulanzi. Tena kutoka Iringa ni takriban kilomita 500, na lori la mianzi, tuseme ukweli, nusu yake ni hewa. Mwanzi wa manjano unaoota huku Pwani uko karibu, ila una wanga mwingi na bungua wanaupenda mno. Dawa yake, boraki na asidi ya boriki, ni nafuu, lakini mvua huisafisha. Kwa hiyo mwanzi unataka paa lenye upenu mpana na miguu ya zege iliyoinuka juu ya maji; kwa Mbagala ya masika hilo si pambo.

Ndiyo maana nisingeanza na madarasa. Ardhi ya Dar imebana, shule zinakwenda ghorofa, na huko zege halina mpinzani. Ningeanza na banda la kusubiria kwenye zahanati, mahali ambapo leo mama mwenye mtoto mgongoni husimama juani, kisha paa za masoko. Ila kabla ya kuagiza lori la kwanza, Temeke itenge fungu la kukagua na kubadilisha mianzi iliyochoka, kwa sababu halmashauri zetu ni hodari wa kuzindua kuliko kukarabati.